Kigingi Mlangoni

Mkutano wa mwaka wa wapima ardhi, Wete,
mwaka ule tulioonana macho tu.
Mimi sikupewa mada. Nilipewa mlango:
ndoo ya maji yenye koki,
sabuni iliyofungwa kamba isije ikasafiri,
bastola nyeupe ya kupimia joto,
na daftari la jina, wilaya, simu, kikohozi.

Usiku wa kuamkia, Faki na mimi tulipanga viti.
Mita moja na nusu, ulisema waraka.
Faki akatoa tepu yake ya chuma,
ile iliyowatenga ndugu wawili wa Kinyasini
waliogombea mikarafuu sita na kaburi la mama yao,
akapima kiti hadi kiti,
akitia chaki, akinung'unika:
"Miaka ishirini nawawekea watu mipaka.
Leo nimewekewa mwenyewe."
Ukumbi wa watu mia na ishirini
ukabaki wa arubaini na mmoja.
Tukahesabu mara mbili.

Madirisha yote wazi.
Lile lililogandishwa na rangi
tulilifungua kwa patasi.

Asubuhi wakaja na mikono yao.
Sisi watu wa Pemba, salamu zetu ndefu kuliko safari:
mkono, kisha busu la mkono, kisha habari za nyumbani,
kisha za ng'ombe.
"Kifuani, jamani, wekeni kifuani,"
wakaweka, kama watu
waliosahau kitu mfukoni.
Bi Riziki wa Micheweni alijishonea barakoa ya khanga,
mkasi umepita katikati ya jina,
limebaki neno moja mdomoni: SUBIRI.

Ng'ambo ya barabara karafuu zimeanikwa majamvini,
harufu yapenya tabaka tatu za kitambaa.
Nikawa na swali langu, halimo kwenye waraka:
"Wazisikia karafuu?"
"Nani asizisikie!"
Nikatia vema.

Saa tatu kasorobo akafika Mwalimu Shaame,
aliyenifundisha kusoma ramani
kabla sijajua kusoma uso wa mtu.
Mada ya kwanza ni yake, ndani ya bahasha ya kaki.
Akanawa mpaka viwikoni kama anayetawadha.
Bastola ikasema thelathini na sita nukta tisa.
Kikohozi? Hapana.
Safari? Mkoani tu, kwa mjukuu.
Sikutaka kuuliza. Nikauliza.
Akageuka huku na huku, kama aliyeitwa.
"Karafuu zipi?"

Majamvi yalikuwa hatua ishirini nyuma yake.

Wakasema, muache mzee wa watu, joto liko sawa.
Faki akaangalia chaki yake.
Nikasimama kama bikoni:
haipendi, haichukii,
ipo pale ilipozamishwa.
"Mwalimu, leo usiingie."

Hakugomba.
Akavuta pumzi, ya pili, ya tatu,
akiitafuta harufu aliyozaliwa nayo.
Kisha akaiweka bahasha juu ya ukuta,
akarudi nyuma,
akangoja niichukue.

Nikaisoma mimi, sauti inanirudia kitambaani,
na yeye uani juu ya vespa yake,
usawa wa dirisha lile la patasi.
Ukurasa wa nne akapiga kelele:
"Si digrii hizo! Dakika! Dakika!"
Watu arubaini wakacheka, kila mmoja kwenye kisanduku chake cha chaki,
nikasahihisha,
nikaendelea.

Wakati wa chai, kila mtu na kifurushi chake, amekipa ukuta uso,
nikachungulia. Vespa haipo.
Faki akatoka na tepu,
akapima kutoka dirishani hadi tone la mafuta lililobaki mchangani.
"Mita kumi na moja, sentimita sitini. Andika."
Nikafungua daftari.
Jina, wilaya, simu, kikohozi.
Nikakaa na kalamu,
sijui niandike safu gani.